Miaka Minne ya Umulkheir

Binti yangu Umulkheir aliolewa kijiji cha Korbesa miaka minne iliyopita na bado hajashika mimba. Miaka hiyo nimeihesabu mimi, mvua kwa mvua. Zamani alikuwa akikamua mbuzi akiwaimbia. Siku hizi anakamua kimya.

Mwezi uliopita mama mkwe wake, Tari, alinipigia simu.

"Salaam aleikum, dada. Mvua ikinyesha mwanangu Molu anarudi, na tutamwoza mke wa pili. Usikasirike. Ng'ombe tasa tunampenda, lakini hatumngojei na kibuyu cha maziwa."

Sikulala vizuri. Tulikuwa tumeshakunywa mizizi na kusomewa dua. Nikamleta hospitali Isiolo mjini. Daktari, mwanamke Mmeru anayeitwa Karambu, alimpima damu na kumpiga picha ya tumbo.

"Mama, kwa huyu sioni shida. Bwana yuko wapi?"

"Yuko fora, kambi ya mbali ya ngamia. Anafuata malisho."

"Umulkheir, mwaka jana mlikaa pamoja siku ngapi?"

Niliona haya, nikatazama mlango. Umulkheir akahesabu kwa vidole. "Kumi na tisa. Mwaka juzi ulikuwa ukame, hakuja kabisa. Baada ya harusi alikaa mwezi mmoja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sasa mama, umeniletea mgonjwa ama umeniletea ngamia?"

Nilicheka, kisha nikakasirika kwa kucheka. Akaeleza kwamba madaktari huhesabu mwaka mzima tangu mume na mke waanze kuishi pamoja, ndipo waseme kuna shida. Na Molu pia apimwe.

Nilitoka nje kichwa kimejaa. Je, mtoto wangu ni mgonjwa au si mgonjwa? Kwetu nyumba ya mke ikishasimama kijijini, tunahesabu ndoa, hata kama mume yuko na ngamia. Na kama shida iko kwa Molu, nani atamwambia mama yake?

Nikampigia Tari. "Daktari anasema siku hazijatosha."

"Siku gani? Mimi nilimzaa Molu baba yake akiwa fora hiyo hiyo!"

Hata mimi niliwazaa wangu hivyo. Basi daktari anajua nini ambacho sisi hatujui? Ama sisi tulibahatika tu?

Umulkheir akanipokonya simu. "Mama, salaam aleikum. Naenda fora mwenyewe. Nitakaa na Molu, halafu nimlete apimwe."

Tari akapaza sauti hata mimi nikamsikia. "Fora ni ya vijana! Watakucheka."

"Wacheke. Mimi nitapika, nao wale."

"Na nyumba yako?"

"Nitunzie, mama. Usiweke mtu mwingine ndani."

Tari akasema, "Chukua jerikeni kubwa ya maji. Ile ndogo haitakufikisha."

Sikuelewa kama amekubali au amechoka.

Alhamisi Umulkheir alipanda lori lililoleta mbuzi sokoni na sasa lilikuwa linarudi tupu upande wa malisho. Nilibaki barabarani nikijiuliza kama nimempeleka kwa mume au kwa kiu.

Jumamosi alipiga simu. "Mama, nimefika Biliqo, kambi ilipokuwa. Wanasema ngamia wamehama jana, mwendo wa siku mbili. Kuna wazee wanaelekea huko, nitaenda nao."

Nilitaka kumwambia arudi. Mdomo ulifunguka, nikasikia ninauliza kama viatu vyake bado ni vizima.

"Ni vizima, mama."

"Basi nenda," nikasema.