Kwa Fundi Inawaka, Nyumbani Inagoma

Juzi, kwa fundi kompyuta hapa Dodoma, mama mkulima wa zabibu kutoka Makutupora alirudisha kompyuta yake mara ya tatu.

"Shikamoo, mama. Imegoma tena?"

"Marahaba. Kwako inawaka, nyumbani haiwaki. Kwa nini?"

"Mfumo niliokuwekea bado ni wa majaribio, mama. Una usumbufu."

Fundi akachomeka flashi yake, kompyuta ikawaka. Akaichomoa, akamkabidhi kompyuta. Mama hakuipokea.

"Izime. Sasa iwashe bila hicho kidude."

Ikagoma. Kumbe sehemu ya kuwashia mfumo fundi aliiweka kwenye flashi yake, si ndani ya kompyuta.

"Nilipitiwa," fundi alisema, akitazama dari.

Mama aliichukua flashi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akabeba kompyuta yake, akaondoka.

Nyuma yake kwenye foleni nilikuwa mimi, nimekumbatia kompyuta yangu. Safari ya nne.