Kidole cha Kumi cha Tabitha Muddiman

Katika kijiji chetu cha Aldercote, jimbo la Northampton, tulikuwa watu watatu tuliojua kuhesabu bila karatasi. Wa kwanza mimi. Wa pili pia mimi, nikiwa nimeshakunywa bia kidogo. Wa tatu alikuwa Tabitha Muddiman, na ndiye ninayemwandika hapa, maana hesabu zangu hazijawahi kumtoa tajiri jasho kama yake ilivyomtoa Jethro Wadlow.

Tabitha alikuwa mjane wa mwezekaji wa mapaa. Mfupi, matege, na ulimi wa kukwangulia masufuria. Kusoma hakujua, hata jina lake. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Cherry, akimchunga kwenye malisho ya wote kama bibi yake alivyomchunga wake. Kisha sheria ikatoka London, ikapigiliwa misumari kwenye mlango wa kanisa, na mabwana wakaja na minyororo ya kupimia. Waligawana malisho yale kwa kufuata hati. Tabitha hati hakuwa nayo, alikuwa na nyayo za ng'ombe tu, na nyayo hazipigwi muhuri. Ua wa miiba ukapandwa. Cherry akakosa nyasi, akauzwa kwa Wadlow, na tangu hapo Tabitha alikuwa akimsikia kila asubuhi akilia upande wa pili wa ua, kama mtu aliyeolewa pabaya.

Kilichombakia ni masuke. Ngano ikishavunwa na kubebwa, wanawake wa kijiji huingia shambani kuokota yaliyodondoka, na mwenye mgongo mzuri huweza kuokota unga wa kumfikisha hadi majira ya kuchipua. Asipoyapata, njia yake ni moja tu, nyumba ya maskini, ambako uji ni mwepesi mpaka unauona uso wako ndani ya bakuli, na uso wenyewe umenuna. Huko mtu hushonewa begani herufi ya P, ya "pauper", yaani fukara, ili kila mmoja ajue analishwa na kijiji. Tabitha alikwisha sema mbele ya kanisa zima kwamba yeye hajui kusoma, lakini herufi ya kwanza atakayoijua haitakuwa ya kushonewa begani.

Wanawake walimchagua kuwa malkia wao wa kuokota, wakamkabidhi kengele ya mkononi. Kazi ya malkia haikuwa mchezo. Haruhusiwi mtu kuingia shambani maadamu fungu moja la miganda limesimama. Fungu hilo la mwisho tunaliita mlinzi. Mlinzi akishaondolewa, malkia anapiga kengele, na ikishalia, mnyama wa mtu yeyote haingii mpaka ilie ya kufunga. Wadlow mwenyewe, na hati zake zote, hakuwahi kuivunja desturi hiyo. Aliizunguka.

Mwaka ninaousema, ngano ya Wadlow ilisimama mafungu mafungu kwenye shamba la Long Furlong, na mkusanya zaka wa kasisi, Lemuel Pask, akapita kuhesabu. Kila fungu la kumi alilichomeka tawi bichi, maana yake hili la kasisi. Tabitha alikaa langoni akihesabu pamoja naye. Kwa kila kumi alitia punje moja ya njegere kavu mfukoni. Mwisho mfukoni mlikuwa na njegere ishirini, na mkononi vidole tisa vimesimama. Hayo tisa ya mwisho hayakufika kumi, basi Wadlow akasamehewa. Pask akachukua yake ishirini, akaenda zake.

Mchana wa Alhamisi mawingu yakajikusanya, Wadlow akaingiwa na hofu. Akafokea watu wake wabebe, wabebe, wabebe, wakabeba mpaka shamba likabaki tupu kama kichwa changu Jumapili asubuhi. Katika haraka hiyo akasahau kuacha mlinzi. Na mvua yenyewe haikunyesha.

Ijumaa asubuhi wanawake wakafika na aproni zao, wakakuta katikati ya shamba pamesimama fungu. Dogo, limepinda, miganda yake imefungwa ovyo. Ardhi iliyolizunguka ilikuwa imekwaruzwa kwa reki. Alfajiri ile watu wa Wadlow walikuwa wameyakusanya masuke yaliyodondoka, wakayafunga, wakayasimamisha. Yaani mlinzi wa kuwazuia wanawake ameundwa kwa masuke ya wanawake hao hao.

Wadlow alikuwa langoni juu ya farasi, tumbo limemtangulia. Akawaeleza kwa upole kwamba mlinzi bado yupo, warudi akishaondoka, naye hajui ataondoka lini. Hakuficha kwamba nguruwe wake arobaini walikuwa njiani kutoka msituni, na wangefika saa sita mchana. Nguruwe si watu, desturi haiwazuii. Wangenenepeshwa humo, watiwe chumvi, wapakiwe kwenye mapipa, wakawalishe mabaharia wa meli ziendazo visiwa vya sukari, na yeye Wadlow angetia sukari hiyo kwenye chai yake. Kila kitu kilimrudia, mjanja yule.

"Jethro," Tabitha akamwita, maana aliwahi kuwa mtumishi kwa baba yake na kamasi zake alizifuta yeye. "Hilo fungu umelipata wapi?"

"Shambani kwangu, Tabitha. Au unataka hati yake?"

"Kwa hiyo ni la mavuno yako?"

"La mavuno yangu halali."

"Sema tena, hawa wa nyuma hawajasikia."

Wadlow akasema tena, kwa sauti, akicheka. Tabitha akatazama vidole vyake, akawaambia wenzake wakae hapo hapo asiguse mtu kitu, akaondoka na matege yake kwa mwendo ambao farasi angeuonea wivu.

Sasa hapa mjue jambo. Lemuel Pask alikuwa akichukiwa kuliko ukurutu. Kwa miaka thelathini Tabitha alimficha mayai, alimficha vifaranga, na mara moja alimvika nguruwe mchanga kofia ya mtoto na kumlaza kitandani ili asihesabiwe. Pask alipomwona mlangoni mwake, alidhani amekuja kutubu.

"Bwana Pask," Tabitha akasema, "kasisi anaibiwa."

"Na nani? Na wewe?"

"Mimi likizo leo. Uliacha mafungu mangapi ya ziada Long Furlong?"

Pask akafungua daftari lake. Tisa, akasema.

Tabitha akainua vidole tisa mbele ya pua yake. Kisha, taratibu, akainua cha kumi, kile kidole gumba chenye kovu la mundu. "Amefunga lingine leo alfajiri. Amesema ni la mavuno yake, mara mbili, mbele ya wanawake ishirini na sita."

Kasisi alikuwa rafiki wa Wadlow na walikula bata pamoja kila Jumapili. Lakini malisho yalipogawanywa alikataa kubadilishiwa zaka yake kwa kipande cha ardhi, na kwa habari ya zaka hakuwa na rafiki hata malaika. Pask hakuhitaji kumuuliza. Alikata tawi la mti unaoota uani kwake, akafunga punda kwenye mkokoteni.

Saa sita haijafika, nguruwe wa kwanza wakiwa wameshaanza kusikika kwenye kona ya barabara, Pask alipita langoni, akamwamkia Wadlow kwa adabu zote, akaenda katikati ya shamba na kulichomeka fungu lile tawi bichi.

Wadlow akabadilika rangi. Akapaza sauti kwamba hayo si mavuno, ni masuke ya kuokota tu, yasiyo na zaka.

"Ya kuokota?" Tabitha akauliza. "Basi ni yetu. Chagua, Jethro. La kasisi au letu. Lako ndilo halipo."

Wadlow akamvuta farasi wake pembeni, lango likawa wazi. Pask akalipakia fungu. Gurudumu la mkokoteni lilipovuka lango, Tabitha akapiga kengele kwa mikono miwili, na wanawake ishirini na sita wakaingia wakiwa wameinama tayari. Nguruwe wakasimama barabarani wakitazama, pamoja na mchungaji wao, na mwenye nguruwe. Kengele ya kufunga haikulia kwa siku kumi na moja. Tabitha alisema ameipoteza.

Wadlow alitishia kwenda kwa hakimu, akatishia kuleta wakili, na mwaka uliofuata alimwacha mlinzi halali, akamwondoa siku hiyo hiyo. Tabitha hakuvaa herufi yoyote begani. Majira yale ya baridi alipooka mkate, alingoja siku ambayo upepo unaelekea nyumba ya Wadlow, ndipo akafungua mlango wa tanuri, na wa nyumba, na dirisha, akakaa katikati ya baridi ile akitetemeka na kucheka. Mkate wenyewe ulikuwa mgumu. Mimi niliula, najua. Lakini harufu ilifika.