Vigogo vya Fundi Tambo

Seremala huyu walimwita Tambo, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha, maana mdomo wake ulifika kazini kabla ya mikono. Akitengeneza kigoda utadhani kajenga bunge. Basi shemeji yake, kaka wa mkewe, alipowaalika ndugu wote wakashinde kwake Jumapili, kwenye uwanja wake wa majani, Tambo akadakia: "Michezo niachieni mimi. Nyie leteni matumbo tu!"

Akakereza vigogo tisa vya mbao, vyembamba chini, vimenona katikati, vina shingo na kichwa, pamoja na tufe la kuviangushia. Akavipanga kwenye sakafu ya karakana, vikasimama kama askari wanaokaguliwa. Mkewe ndiye aliyevipaka rangi, nyekundu kichwani, nyeupe kiunoni, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Baba watoto, mbona hapa chini pembamba hivi? Kule si sakafu, ni majani."

"Mke wangu, wewe jua brashi. Mbao niachie mwenyewe."

Mke akachovya brashi.

Jumapili vigogo vikamwagwa kutoka kwenye gunia, watu wakazishangilia zile rangi. Tambo akaanza kupanga huku anatamba. "Shemeji, vile vigogo vyako vya plastiki vya dukani kawape kuku wachezee!" Cha kwanza kikasimama. Cha pili kikasimama. Cha tatu kikalala, kikaenda na cha pili. Akakanyaga majani, akayapapasa kwa kiganja, akapanga upya. Vikalala tena, na tufe lenyewe bado liko kwapani kwa binti yake.

"Fundi," shemeji akauliza, "mchezo ndio umeisha? Nani kashinda?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule binti, aliyewaambia binamu zake wote kwamba babake hakosei, akatazama vidole vya miguu yake. Masikio ya Tambo yakawaka. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wa huyu bwana uliponza mwenzake.

"Si mimi! Ni mama watoto huyo, kajaza rangi vichwani. Vimelemewa!"

Macho yakahamia kwa mkewe, aliyekuwa kashika jagi la maji. Akamtazama mumewe mara moja tu. Halafu akasema, "Ni kweli. Nilizidisha rangi."

"Wewe nawe!" mama yake akamkemea mbele za watu. "Tangu mdogo, ukigusa kitu lazima ukiharibu. Mwenzio kahangaika wiki nzima!"

Kuchekwa Tambo alikuzoea, alikula nako na kulala nako. Hiki kilikuwa kitu kingine. Mtu aliyemwonya, kisha akamsitiri, sasa anasemwa na mama yake mzazi kwa kosa lisilo lake, na jagi hata halitikisiki mkononi.

"Mama, si yeye," akasema. "Ni mimi. Nilikosea kitako, na aliniambia."

Wakacheka tena, safari hii kwa upole. "Mnamwona mume? Anamfichia mkewe!"

"Mkwe wangu, una moyo," mama mkwe akampigapiga begani. "Mwingine angeshafoka."

Afadhali angepigwa kofi. Miaka yote kawalisha uongo kwa utani wakameza. Leo kawapa kweli, wanaona utani, tena wanampongeza! Akautafuta uso wa mkewe. Mkewe alikuwa anammiminia mtu maji.

Tambo akachomoa kisu, akachuchumaa, akakikwangua kigogo kimoja rangi yote, kuanzia kichwani mpaka mbao ikabaki tupu. Vumbi jekundu likamwagikia majani. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Akakisimamisha, akatoa mkono. Kikalala.

Mama mkwe akamtazama binti yake, akakohoa. Shemeji akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mkewe akaja, akatua jagi chini, akakiokota kile kigogo. Akapitisha kidole pale palipokwanguliwa.

"Na hii rangi yangu," akauliza polepole, "ilikukosea nini?"

Tambo akaweka kisu chini, akaanza kulizoa lile vumbi jekundu kwa viganja.