Miezi Mitatu ya Kuomba kwa Sauti ya Chini

Binti yetu Neema alitualika Lyon, nchini Ufaransa, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka nilimjibu kwamba kanisa haliwezi kuachwa. Safari hii mke wangu alijibu kabla yangu. "Tunakuja," alisema kwenye simu, kisha akanipa simu nimsalimie Neema, na hapo nikajua kwamba jambo limeamuliwa. Ndugu zangu wa ibada ya Kiswahili hapa Yeoville, Johannesburg, wameniomba niwasimulie yote kwa mpangilio. Namshukuru Mungu aliyetupeleka na kuturudisha.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Neema alikwenda Doornfontein, kwenye chumba anachoshonea nguo, akafunika cherehani yake kwa kitenge na kumkabidhi ufunguo fundi mwenzake, mama mmoja wa Burundi. Kwenye begi tulikuwa na unga wa muhogo, vitenge sita na Biblia mbili. Gari liliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mwisho kabla ya barabara kuu ya uwanja wa ndege, alinigeukia. "Baba Neema, umefunga gesi?" Nilikuwa nimeifunga, lakini niliisumbukia mpaka Addis Ababa, tulikobadilisha ndege.

Kutoka Paris tulipanda treni. Wale wanaopanda treni ya haraka ya Sandton wasidhani wanajua mwendo. Ng'ombe wa malishoni walikuwa wakipita dirishani kabla hujajua ni wa rangi gani. Mama Neema alifumba macho, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka Lyon.

Stesheni tulimkuta Neema, amekonda. Ni muuguzi katika hospitali moja ya huko, hajaolewa, anaishi peke yake katika ghorofa ya nne ya nyumba ya zamani isiyo na lifti, kwenye mteremko wa kilima cha Croix-Rousse. Tulipanda ngazi zile tukipumzika kila ghorofa. Mlangoni Mama Neema alisema, "Mwanangu, huku ni karibu na mbinguni, lakini na njia yake ni hiyohiyo nyembamba." Neema akacheka, na nikaona kwamba ni muda mrefu hajacheka nyumbani kwake.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetujua. Sisi huomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake. Kwa karibu miaka arobaini mimi na mke wangu tumepiga magoti alfajiri, yeye upande wake wa kitanda na mimi upande wangu. Mtu wa nje husikia kelele. Mimi nasikia maneno. Nikiwa katikati ya kuwaombea wajane, sikio langu moja liko kwake. Ndivyo nilivyojua, miaka yote hiyo, kwamba goti linamuuma, kwamba mteja fulani amemkasirisha, kwamba amenisamehe. Sikuwahi kumwuliza. Sikuona haja.

Siku za mwanzo kule Lyon tuliomba vivyo hivyo. Alfajiri ya tatu mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini yetu, mjane wa Kifaransa aitwaye Madamu Simone, amevaa gauni la kulalia na koti juu yake. Hakunitazama mimi, alimtazama mke wangu toka kichwani hadi miguuni. "Madamu, uko salama?" aliuliza. Kumbe tangu tufike alikuwa anadhani kuna mzee anayemfokea mkewe kila alfajiri, na mke naye anamjibu.

Mama Neema alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi, kwa Kifaransa changu cha shule ya Bukavu, nilieleza kwamba tulikuwa tunasali. Madamu Simone aliitazama dari. "Na huyo Mungu wenu anakaa ghorofa ya ngapi?" Niliona haya, nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo tuliomba kwa sauti ya chini, kama watu wanaonong'ona karibu na mtoto aliyelala.

Mwisho wa juma hilo, wakati mama yake akiosha vyombo, Neema alisema lililokuwa moyoni mwake. "Papa, usikasirike. Nataka Mama abaki na mimi."

"Abaki mpaka lini?"

"Abaki. Nimemwona mwanasheria. Kwa mzazi mmoja inawezekana, mradi nimpe jibu kabla hamjasafiri."

"Na mimi?"

"Wewe una kanisa lako, Papa. Si ndivyo ulivyokuwa unaniambia kila mwaka?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameigeuza sahani ileile mara kadhaa chini ya bomba. "Nitaliombea," alisema.

"Na mimi nitaliombea," nikasema.

Alfajiri iliyofuata nilitega sikio. Nikasikia pumzi, na neno "Bwana", na pumzi tena. Siku ya pili hali ilikuwa hiyohiyo. Siku ya tatu nilizunguka kitanda, nikapiga magoti upande wake. Alifumbua jicho moja. "Umehamia huku kwa nini?"

"Baridi."

"Mwezi wa tano?"

Nikarudi upande wangu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikujua mke wangu anazungumza nini na Mungu, na jambo aliloliomba ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mchana, Neema akiwa kazini, tulitembea. Lyon ina mito miwili, Saône na Rhône, inayopita katikati ya nyumba na kukutana kusini ya mji. Tulizoea kuketi ukingoni na mkate mrefu na jibini, tukiwatazama watu wakikimbia bila kufukuzwa. Juu ya kilima cha pili kuna kanisa kubwa jeupe, na kuna gari la reli linalovutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu. Tulipanda siku moja, tukaona paa zote za mji na, mbali sana, theluji ya milimani. Mama Neema alisema, "Hapa hata asiyeamini angesema asante." Ni mji uliotulia. Vijana walitupisha kwenye viti vya metro. Nilianza kulala vizuri mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana wangu.

Alasiri moja tulikwenda kuona njia za ndani. Katika mji huo zamani wafumaji wa hariri walikuwa wakipita na vitambaa vyao katikati ya nyumba, ili mvua isivinyeshee. Njia hizo zipo hadi leo. Unasukuma mlango wa barabarani kama mlango wa nyumba yoyote, unaingia kwenye ushoroba wenye giza, unapita uani, unapanda ngazi. Watu wanaishi humohumo, na mgeni anaruhusiwa kupita mradi asipige kelele.

Mama Neema alisukuma mlango. Mimi nikasimama.

"Huu mlango ni wa watu," nilimwambia.

"Neema amesema kila mtu anapita."

"Neema hakumbuki tulikotoka. Giza lote hilo, na simu iko mfukoni?"

Ninyi wa Yeoville mtanielewa. Mtu aliyeishi Johannesburg miaka ishirini, nyuma ya mageti mawili na kufuli, haingii ushoroba asioujua eti kwa kutazama. "Nenda wewe utazame upesi," nikasema. "Mimi nitalinda mlango, mtu asikufuate." Akaingia. Nami nikasimama pale na mwavuli wangu kama mlinzi wa benki, nikimkazia macho kila aliyepita. Bibi mmoja aliyekuwa na mbwa aliamua kuvuka barabara.

Nilingoja. Nilingoja sana. Nikafungua mlango, nikaita jina lake kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Dirisha lilifunguka, mtu akasema "Shh!" Nikaingia ndani mpaka uani, nikaona ngazi zinazokwenda pande tatu, na kila upande giza. Mke wangu hakuwepo. Pale ndipo nilipoona, waziwazi kama kitu ninachoweza kukigusa, chumba chetu cha Yeoville na upande wake wa kitanda umetandikwa haujalaliwa. Nikaketi kwenye ngazi ya watu nisiowajua.

Nilipotoka tena barabarani nilimwona akija kwa nyuma yangu, ameshika kipande cha hariri ya kijani, anatabasamu kama msichana. Njia ile ilitokea barabara ya juu, na huko alikuta karakana ya wafumaji, akaingia. Walimwachia ashike uzi. Walimwonyesha mtambo mrefu unaogusa dari. Yeye naye aliwaonyesha mshono wa gauni lake alilojishonea mwenyewe, nao wakaita wenzao waje kuona.

"Ulikuwa unafanya nini hapa?" aliniuliza.

"Nilikuwa nakulinda."

"Eish, Baba Neema. Umelinda mlango. Mimi nimetoka zamani."

Alikuwa na furaha kiasi kwamba sikutaka kusema kitu cha kuiondoa. Nikajiambia, huu mji umempenda, na yeye ameupenda. Mimi ni nani nimzuie? Usiku huo niliomba kwa kunong'ona kwamba Mungu aniondolee uchoyo.

Juma la mwisho kabla ya kurudi, Mama Neema aliingia duka moja mtaa wa Guillotière, ng'ambo ya Rhône, kununua unga wa muhogo. Mwuzaji, mama wa Uvira, alimwambia kwamba Wakongo na Warundi wanakutana kila Jumapili mchana katika ukumbi wa karibu. Neema hakutaka kwenda. Alisema amechoka, zamu zilikuwa nyingi. Mama yake akamwambia, "Basi utakwenda umechoka." Tukaenda watatu.

Ndugu zangu, mlango wa ukumbi ulipofunguliwa nilisikia Kiswahili, na machozi yakanijia. Tuliimba, tukahubiriwa. Kisha kiongozi akasema tusimame tuombe, na ukumbi mzima ukapaza sauti, kila mtu na maneno yake, kama nyumbani. Mama Neema naye akafungua sauti aliyoibana miezi mitatu. Nilikuwa pembeni yake. Nilianza na wajane, kama kawaida, na sikio likaenda kwake.

"Bwana," alikuwa anasema, "huyu mzee uliyenipa amenyamaza. Mtoto alisema nibaki. Mimi nikasema nitaomba, yeye akasema ataomba. Hajaniambia anataka nini. Nikikaa nitaambiwa nimemwacha, nikirudi nitaambiwa nimemwacha mtoto. Kama hataki nimwache, Bwana, fungua kinywa chake, maana mimi nimechoka kungoja."

Wajane wote walinitoka kichwani. Nikamgusa bega. "Mama Neema."

"Naomba," alisema bila kufumbua macho.

"Nataka turudi wote."

Akafumbua jicho moja. "Unasema na Mungu au na mimi?"

"Na wewe."

"Sema tena. Kuna kelele."

Nikavuta pumzi. Wakati uleule kiongozi aliinua mkono kufunga maombi, na ukumbi ukanyamaza, nami nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Nataka turudi nyumbani wote wawili! Siwezi kukaa bila wewe!"

Watu waligeuka. Kisha nyuma kabisa mtu akasema, "Amina!" na ukumbi mzima ukaitikia, "Amina!" Mke wangu alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Neema alisikia pia. Tukiwa darajani jioni ile, jua bado liko juu kama saa tisa kwetu, alisema, "Basi umenijibu mbele ya watu, Papa." Alilia, na sikumzuia. Mama yake alimshika kiuno. "Nikibaki," alimwambia, "utarudi kazini unikute nimeketi dirishani nakungoja. Nitakuwa mpweke wa pili tu humo ndani. Mimi nakupenda, lakini wewe unahitaji watu, mwanangu, siyo mama mmoja."

"Watu gani?"

"Wale mama waliokujazia wali pale ukumbini mpaka ukashindwa. Wamechukua namba yako. Watakusumbua."

Neema alifuta machozi. "Mmoja ameshanipigia," alisema. "Anataka niwapime presha Jumapili ijayo." Hakuwa na furaha, sitadanganya. Mwanasheria alimpigia siku iliyofuata, naye alijifungia chumbani kuongea. Lakini alipotuaga stesheni alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko alivyomkumbatia mama yake, akaninong'oneza, "Mwakani usisingizie kanisa." Nikamwahidi.

Tulirudi Johannesburg katikati ya baridi, nyasi zimekauka, moshi wa mkaa umetanda asubuhi. Kesho yake Mama Neema alikuwa Doornfontein mbele ya cherehani, akiwaonyesha wenzake ile hariri ya kijani, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikata. Alfajiri tunaomba tena kwa sauti zetu zote, na ninamsikia vizuri.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini kimenichukua karibu miaka arobaini na ndege nne. Nilidhani kumsikia mtu akizungumza na Mungu kunatosha. Sasa tukishasema amina, nazunguka kitanda, naketi karibu naye, namwuliza, "Wewe unataka nini?" Siku ya kwanza alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Siku hizi hunijibu. Leo alitaka chai ya tangawizi, na tumpigie Neema kabla hajaingia zamu. Kisha akanitazama, akangoja, mpaka na mimi nikasema ninachokitaka.