Kisahani Kilichomtoa Karembo Msituni

Mimi ni mtu wa kujisifu na sifichi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hili shamba la Saboti, pamoja na msitu wa misaipresi ulio nyuma ya nyumba, nilipata kwa mikono yangu miwili. Kwa hivyo nikisema kuna siku nilitamani kuingia chini ya kitanda nisitoke, ujue aibu ilikuwa kubwa.

Miaka hiyo simu ya tochi ndiyo ilikuwa imeingia. Mwalimu Danieli, mzungu aliyefundisha Kitale, aliniomba aweke vikapu vyake tisa vya chuma katika msitu wangu. Kila kikapu kiko juu ya nguzo na kina minyororo inayoning'inia, na watu wazima (watu wazima, bana) wanatembea katikati ya miti wakirusha visahani vya plastiki ili vigonge minyororo vianguke ndani. Wanaita gofu. Nikamwambia weka, bora usikate mti.

Sasa kijana wangu Simiyu akapata msichana wa Chwele, na wakwe wakatuma habari wanakuja kuangalia ng'ombe za mahari, maana kwetu wao ndio huja bomani kuchagua. Nilikuwa na ng'ombe sita, na mmoja ni Karembo, wa gredi, ambaye maziwa yake yalinisomeshea watoto. Huyo sikuwa tayari kumtoa. Siku ya wageni, asubuhi mapema, nikampeleka msituni, nikamfunga kwenye nguzo ya kikapu cha mwisho, nikarudi nimenyoosha uso kama shemasi.

Mzee Wafula, mjomba wa msichana, alizunguka boma mara mbili. "Hizi ni za mahari ama za ngozi?"

"Hizo ndizo ziko," nikasema.

Si mambo yalikuwa yameisha? Tungekula kuku waende. Lakini tukingoja ugali Wafula akamwona Mwalimu akirusha visahani ng'ambo ya ua, akauliza ni nini, na mimi badala ya kusema ni upuzi wa wazungu nikasema, ati, huo mchezo naujua kuliko mwenyewe (sikuwa nimeugusa hata siku moja).

"Wewe? Na hicho kitambi?"

Hapo ndipo nilipopotea. Nikapita ua, nikachukua kisahani.

"Polepole, mzee," Mwalimu akaninong'oneza. "Tumia kiganja."

Nikamwambia hili shamba sikulipata kwa polepole. Nikarusha kwa nguvu zote, na kile kitu, badala ya kwenda kwa kikapu cha karibu, kikainuka, kikakata kona vizuri kabisa katikati ya miti, wageni wakapiga makofi, na nilikuwa nimeinua mkono kuwapungia nilipokumbuka upande ule kuna nini.

Minyororo ikalia. Halafu ng'ombe akalia.

Karembo akatokea mbio, nguzo imeng'oka, kikapu kinaruka nyuma yake na minyororo yake, akapita juu ya sukuma wiki ya Mama Simiyu, akaja kusimama pale pale anapokamuliwa kila siku, mbele ya meza ya wageni.

Wafula akamtazama kuanzia pembe hadi kiwele. "Na huyu? Ni mgeni kama sisi?"

"Ni wa Mwalimu," nikasema.

Karembo akanifuata, akaingiza mdomo katika mfuko wa koti langu, mahali ninapomwekea chumvi, akaanza kulamba.

"Mwalimu," Wafula akaita, "ng'ombe ni yako?"

Mwalimu (mtu wa dini, hajui kusaidia mwenzake) akasema, "Hapana. Yangu ni kikapu."

Mama Simiyu akaingia jikoni akafunga mlango, na nikamsikia akicheka. Wafula hakucheka. Alifungua kamba taratibu, akaizungusha mkononi mwake, akasema huyu ndiye wa kwanza, zile za ngozi zitamfuata. Ningekataa kwa mdomo gani?

Tangu siku hiyo nikiwa na wageni sirushi kitu, hata ganda la ndizi. Na kila nikienda Chwele, Wafula ananimiminia chai mwenyewe, nyeupe, imejaa mpaka juu.

"Kunywa, mkwe," ananiambia. "Ni maziwa ya ng'ombe ya Mwalimu."

Nami nakunywa.