Miwani ya chuma kinachokumbuka, na vile Wanyoike aliipiga shoka siku moja kabla ya ruracio yangu

Wakuu, niaje. Niko hapa Ruiru na chai yangu. Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wahusika wenyewe wanasoma humu, wakitaka kubisha waje.

Kwanza mjue macho yangu ni mabovu. Boiler ililipuka kwa kiwanda nilikuwa nafanya Thika. Supervisor Macharia aliambiwa asubuhi inavuja, akatujibu, "Endeleeni, mnaogopa mvuke?"

Macharia, kama unasoma, bado sijakusamehe.

Bila miwani, mtu akisimama mbele yangu naona nguo tu.

Sasa, Nyokabi, mama tulipatana kanisani miaka kadhaa baada ya mke wangu kufariki, akaninunulia miwani ya chuma kinachokumbuka. Msicheke. Unakunja mkono wake kama ndoano, unaingiza kwa maji moto, inajinyoosha yenyewe. Muuzaji alituonyesha hapo Thika mimi nikadhani ni uchawi.

Nyokabi akaniambia, "Baba Kim, hii usichezee."

Nikaichezea.

Siku moja kabla ya ruracio yetu, siku ya kupeleka mahari kwa kina Nyokabi, tulienda kula nyama Kamakis na rafiki yangu Kanyi, ndiye angeniongelea kwa wakwe. Nikaanza maringo. Nakunja, natumbukiza kwa supu, inanyooka. Watu wanapiga makofi. Hadi waitress akasahau order za watu.

Kanyi akaingiwa na wivu. "Hiyo ni ya kukunjwa polepole. Hata mimi nikikunjwa polepole narudi! Wacha ipigwe tuone."

Wanyoike mwenye butchery hakungoja niseme ndio. Aliweka mkono wa miwani kwa gogo, akageuza shoka ya mifupa, akashusha na upande wa nyuma.

Paa!

Vioo vilipona, Mungu ni mwema. Lakini mkono ulitoka na kona mbaya. Kwa supu, ukanyooka kidogo, ukakwama. Supu ingine. Wapi. Wanyoike akasema labda supu haina chumvi ya kutosha. Shenzi.

Nikapigia jirani yangu Ndirangu, anafanya kwa maabara ya vyuma huko karibu na Kahawa Sukari. Huko kwao wana bunduki ya hewa, wanarusha kitu igonge hiyo chuma inayokumbuka kwa kasi, halafu wanaangalia imeharibika aje.

"Ulikunja ama uligonga?"

"Niligongewa. Na shoka."

"Woi, mzee. Ukikunja polepole, chembe za ndani yake zinalala upande, kama nyasi kwa upepo. Joto ikiingia, zinaamka. Ukigonga ghafla, zingine zinalala, lakini zingine zinakosa nafasi. Zinateleza, zinatoka mahali pake. Hizo joto hairudishi."

"Kwa hivyo?"

"Nusu imerudi. Hiyo nusu ingine zoea."

Nikakata simu. Nilikuwa nafikiria boiler.

Shida ni hii. Kwa ruracio yetu wanawake wanafunikwa leso kichwa hadi miguu, na wewe uchague wako mbele ya wazee. Na wajomba wa Nyokabi walikuwa wameanza kusema anaolewa na kipofu, anaenda kuwa nesi. Nikikosea, nimewapa ushahidi.

Kesho yake nikaingia na miwani imelala upande mmoja, shingo nimeipinda ndio nione. Leso zote zikaanza kutetemeka kwa kicheko. Kanyi mwenyewe, mtu wangu, alikuwa anajifuta machozi.

Leso moja tu haikutikisika.

Ilisimama kama ukuta. Wakuu, hiyo hasira naijua. Nikaenda moja kwa moja, nikashika mkono.

Leso ikatolewa. Nyokabi akaninong'oneza, "Nilikwambia usichezee." Halafu akacheka hadi akanishikilia asianguke.

Mjomba mkubwa akasema kwa sauti, "Huyu anaona kutuliko!"

Nimekataa kununua ingine. Bado inalala upande, na naona vizuri.

Nilichojifunza: kitu ikikunjwa polepole unaweza kuirudisha. Ikigongwa ghafla hairudi yote, na usiichekelee ndio ujifanye mjanja. Macharia, Wanyoike, mko hapo?

Nani mwingine amewahi kuharibiwa kitu na rafiki akijaribu kuona kama ni original? Tiririkeni hapa chini. Kanyi, wewe kaa kimya.