Biskuti za Nanaa na Fungu la Mama

Sokoni Voi, kwa mama mmoja anayeuza dania na vitunguu vya majani, huwa kuna kifungu cha nanaa kimewekwa pembeni ndani ya bakuli la maji. Nikipita pale hushika jani moja, nikalifinya kati ya vidole, nikanusa. Yule mama ameshanizoea. Huniuliza, "Leo unanunua ama unanusa tu?" Mara nyingi nanusa tu. Harufu ikishanipanda puani nakuwa tena mtoto wa darasa la tatu, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kule mtaani Kaloleni, simu ya nyanya nimeibana sikioni hadi kioo kimelowa jasho la shavu, namsikiliza mama akiongea kutoka Saudia.

Mama alikwenda huko kufanya kazi za nyumba kabla sijang'oa meno ya mbele. Baba alikuwa na maisha yake mengine Taveta, na hatukumtaja sana. Aliyebaki nami ni nyanya, mamake mama, aliyeteremka kutoka Chawia, juu milimani, na kikapu kimoja na jembe lake, akasema anakuja kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Joto la Voi hakulizoea. Mchana alijibanza ukutani kufuata kivuli na kulalamika kwamba mji huu Mungu aliuumba siku aliyosahau mvua. Jembe alilisimamisha nyuma ya mlango, na hapakuwa na cha kulima isipokuwa vumbi jekundu.

Nyumba ya watu wawili ina kimya chake. Nyanya hakuwa mtu wa kupaza sauti. Jioni watoto wenzangu wakichezea barabarani waliitwa mmoja mmoja na mama zao, "We Saumu, kuja uoge!", na kila aliyeitwa alinung'unika kana kwamba ameonewa. Mimi nilikuwa nawahi kuondoka kabla hawajaisha, nakimbia kama mtu aliyesikia jina lake. Nilitaka waamini kwamba nami nimeitwa.

Mama alipiga simu kila Ijumaa, siku ambayo mwajiri wake alitoka na familia kwenda kwa jamaa zao. Aliongea chini chini kama aliye kanisani. Aliniuliza nimekula nini, nimepata ngapi hesabu, nyanya bado anaumwa goti. Yake mwenyewe hakuyasema. Nikimuuliza nyumba ile ikoje, alinijibu kwa biskuti. Eti amewapikia watoto wa pale biskuti za chokoleti, ukiziuma zinapoa mdomoni kama upepo wa Chawia asubuhi, kwa sababu ya nana... Na hapo mtandao ukameza neno.

Sitawaficha, niliwaonea wivu watoto wale. Majina yao sikuyajua, ila usiku niliyaona meno yao yakitafuna biskuti za mama yangu. Mama alikuwa ameahidi kurudi Krismasi ile kwa likizo. Akili yangu ya kitoto ikapiga hesabu yake: akikuta biskuti zile zile nyumbani, atakuwa hana tena sababu ya kupanda ndege.

"Nyanya, tunahitaji nanasi," nikasema.

"Nanasi kwenye biskuti?" Nyanya akatikisa kichwa. "Haya, ya Waarabu nayajulia wapi."

Akalinunua. Tukalikatakata, tukalichanganya na unga, sukari, siagi na kipande cha chokoleti kilichokuwa kimeshayeyuka kwa joto kabla hatujafungua karatasi. Tukaweka kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, tukafunika, tukaomba Mungu. Kilichotoka chini kilikuwa kimeungua na juu kilikuwa uji. Nyanya alionja kwa kijiko, akasema kimanga, ule mseto wa kwao wa muhogo na maharagwe, hakijawahi kumwaibisha hivi.

Ijumaa iliyofuata nikamsimulia mama yote. Kisha nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, kicheko cha mama yangu chenyewe, kile cha zamani, cha kumkosesha pumzi. "Nanaa, Wakio! Nanaa! Ni majani, si nanasi! Uuuwi, mwanangu, nanasi!" Akacheka hadi akakohoa. Halafu nyuma yake sauti ya mwanamke ikaita kwa ukali, kicheko kikakatika kama uzi, na simu ikakatika pia. Nilibaki nimeishika mpaka nyanya alipoichukua mkononi mwangu.

Neno nanaa hatukulijua, si mimi wala nyanya. Lakini ng'ambo ya ua wa mabati alikaa Bi Zuhura, mzaliwa wa Mombasa aliyeletwa Voi na ndoa, na ambaye aliuza barafu za ukwaju kwa watoto wa mtaa mzima. Nilipomuuliza alinitazama kana kwamba nimemuuliza maji ni nini.

"Nanaa si hiyo hapo, mwanangu? Nawe wapita hapa kila siku wairuka!"

Ilikuwa imejaa kwenye debe bovu la mafuta chini ya bomba lake, inakunywa matone. Nikachuma jani, nikanusa. Basi hii ndiyo harufu iliyo mikononi mwa mama, nikawaza. Machozi yakanitoka bila taarifa. Bi Zuhura aliuliza tu kama nyumbani kuna unga.

Siku ya kupika alichukua chokoleti akaitia kwenye friza, katikati ya barafu zake za ukwaju, ikawa ngumu hata kisu kikawa kinateleza. Majani akayakatakata mpaka yakawa kama mchanga wa kijani, akayasugua kwenye sukari kwa vidole, na jikoni petu pote pakanukia. Tulifinyanga madonge, tukayapanga kwenye sinia la bati.

"Sasa twazipalia," akasema Bi Zuhura.

Nyanya, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitufuatilia kwa shaka zake zote, aliinuka, akaenda hadi nyuma ya mlango, akarudi na jembe. Kwetu milimani kupalia ni kung'oa magugu katikati ya mahindi. Bi Zuhura alilitazama jembe, akamtazama nyanya, akaketi chini sakafuni kwa kucheka. "Moto, mamangu! Twaupalia moto! Makaa juu, makaa chini!" Akatuonyesha: mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, sinia juu ya mchanga, kifuniko, na juu ya kifuniko makaa mekundu. Nyanya alicheka kwa kuziba mdomo na ncha ya leso. Ndiyo siku pekee ninayoikumbuka nyumba yetu ikiwa na kelele.

Zilitoka za rangi ya udongo, zimepasuka juu, zimetokeza madoa ya chokoleti. Niliuma moja, na kweli mdomo ukapoa.

Sasa, nyanya alikuwa na msemo wake wa kugawa chakula. Kila tulipopakua nyama, nikitaka kubakisha kipande nikisema hiki cha mama, yeye aliniambia, "Asiyekuwapo na lake halipo. Kula." Niliuchukia msemo ule kuliko dawa ya minyoo. Siku ile nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalitandika karatasi, nikapanga biskuti za mama mpaka juu, nikajiandaa kugombana. Nyanya alinitazama. Hakusema msemo. Aliniambia tu nifunge kifuniko vizuri, sisimizi wasiingie.

Krismasi tulipanda Chawia na kopo nimelipakata. Mama angeshukia Mombasa, aje moja kwa moja mlimani. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, binamu zangu walinizunguka wakitaka kujua kopo lina nini, nami nikalikalia. Asubuhi simu ikaja. Likizo imezuiwa, mwajiri kasema mpaka mwaka mwingine. Mama aliongea na nyanya tu. Mimi nilipopewa simu tayari ilikuwa kimya. Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe na kopo langu, nikakaa huko hadi baridi ikaniingia mifupani. Hakuna aliyekuja kuniita.

Aliyekuja ni nyanya, bila kuita. Alikaa kando yangu kwenye jiwe kwa shida ya lile goti, akafungua kopo. Biskuti zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa mlima. Akala moja polepole, akitazama bondeni kule barabara ya Mwatate inakotokea. "Zimeiva vizuri," akasema. "Mamako angezipenda." Mimi nilidhani ananibembeleza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwenye jiwe lile tulikaa watu wawili wenye msiba mmoja: mimi nilimkosa mama, yeye alimkosa mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumpa pole.

Mama alirudi nikiwa kidato cha kwanza. Nyanya alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alishuka amekonda, anashtuka mlango ukifungwa. Kesho yake niliamka mapema, nikapalia moto juu na chini, nikamwekea sahani mbele. Biskuti za nanaa, kama za kule. Aliinua moja, ikamfika puani, akairudisha sahanini taratibu.

"Siwezi, Wakio. Hii harufu ni ya jikoni kule."

Nikasimama na kitambaa mkononi. "Lakini ulikuwa unaniambia kila Ijumaa."

"Ningekuambia nini?" Aliongea bado chini chini, tabia aliyorudi nayo. "Katika nyumba ile yote, biskuti ndizo pekee zilizofaa kuambiwa mtoto."

Nje Saumu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alikuwa anaitwa na mamake vilevile. Mama akaisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja, kisha akaniuliza, na pembe za mdomo wake zilikuwa zinatetemeka, "Zile za nanasi. Mlizipika vipi wewe na mama yangu?"

Nikaenda sokoni kununua nanasi. Chini ziliungua, juu zikawa uji, kama zamani. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu ashuke, akakohoa, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Fungu lake alilimaliza lote, kwa kijiko.